Krismasi ya Kiskoti, Mwaka wa Kishirazi

Waskoti walioanzisha mji wa Alexandria, jimbo la Virginia, wangeshangaa kuona mji wao unawaenzi kwa Krismasi. Wengi wao walilelewa katika Upresbiteri, madhehebu ya Kiprotestanti, na kwa Wapresbiteri wa Uskoti Krismasi ilikuwa jambo la kutiliwa shaka, mabaki ya Ukatoliki yasiyo na andiko. Bunge la Uskoti lilifuta mapumziko ya Krismasi mwaka 1640, na kule kwao tarehe 25 Disemba haikuwa sikukuu rasmi ya mapumziko mpaka 1958. Vizazi kwa vizazi watu wa Glasgow na Dundee waliamka siku hiyo wakaenda zao kazini. Shangwe yao waliiweka usiku wa kuamkia mwaka mpya.

Lakini huku Marekani, Jumamosi ya mwanzo ya Disemba, polisi wanafunga mitaa ya Old Town, sehemu kongwe ya Alexandria, asubuhi mapema, na kabla jua halijafika utosini zumari za mfuko zinaanza kulia baina ya nyumba za matofali mekundu. Gwaride lenyewe linaitwa Scottish Christmas Walk. Lina umri wa zaidi ya miaka 50, na waandaaji wake ni Campagna Center, taasisi ya hisani ya hapo hapo mjini inayosomesha watoto wadogo na kuzisaidia familia zao. Pesa za wafadhili na za vishada vya maua na majani mabichi vinavyouzwa msimu huo zinakwenda kwenye kazi hiyo. Kwa hiyo hata ukiona upuuzi wote utakaouona, na utauona, kumbuka kuna mtoto anayelipiwa.

Sasa upuuzi wenyewe. Mbele anatangulia kiongozi wa bendi, fimbo yake ndefu yenye kichwa cha fedha anaizungusha, anaichomeka hewani, anaidaka bila kuitazama. Nyuma yake safu za wapiga zumari, mashavu mekundu kwa baridi, halafu ngoma za pembeni, halafu lile goma kubwa linalokugonga kifuani kabla halijafika masikioni. Baada ya bendi zinakuja koo. Kila ukoo na bango lake, kila ukoo na rangi zake za miraba, wazee kwa watoto, wengine wanatembea kwa utaratibu wa kijeshi, wengine wanapiga soga kana kwamba wametoka harusini. Kuna magari ya zamani yaliyong'arishwa, magari ya zimamoto, wasichana wanaocheza ngoma za nyanda za juu kwa ncha za vidole, na wanasiasa wa mji wanaopunga mikono kwa bidii kubwa kuliko mtu yeyote.

Halafu mbwa. Hapa ndipo umati unapopiga kelele hasa. Mbwa wadogo weusi wa Kiskoti wenye ndevu, wengine weupe, wamevalishwa makoti ya miraba sawa na ya wenye nao, wanajivuta, wanakataa kutembea, wananusa kila nguzo ya taa. Baadaye wanapita wale wakubwa wa kijivu waliokuwa wakitumika kuwinda paa, wembamba, wenye miguu mirefu, wanaotembea kimya kana kwamba mambo haya yote hayawahusu. Mimi si mtu wa mbwa, sisi wa visiwani wachache ndio wa mbwa, lakini hao wa kijivu niliwaheshimu. Mwisho kabisa hupita Baba Krismasi, na kwa hesabu ya Wapresbiteri wa zamani, hapo sasa ndipo dhambi inapokamilika.

Mwaka mmoja nilimpeleka Mama, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Unguja. Mama ni mtu wa Makunduchi, aliolewa mjini, na baridi ya Virginia ilikuwa imemfanya avae mabuibui mawili, koti la mkwewe na shali juu yake. Tulisimama St. Asaph, karibu na wanapoanzia, ambapo wapiga zumari wanajiweka tayari. Mzee mmoja mrefu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, magoti wazi, ndevu nyeupe, anasubiri ukoo wake uitwe.

"Mwanangu," Mama akaniuliza kwa sauti ya kunong'ona ambayo nusu ya mtaa ingeisikia laiti wangejua Kiswahili, "huyu mzee hana suruali?"

"Hiyo ni kilti, Mama. Ndiyo vazi lao."

"Naona ni vazi lao. Nauliza ndani."

Sikumjibu. Yapo maswali ambayo mtoto hamjibu mzazi wake hata akifikisha miaka arobaini. Lakini yule mzee alishatambua kwamba anasemwa, akatugeukia, akacheka, akatuambia kwamba nguo ile ni sufu, yadi nane, imekunjwa kunjo kwa kunjo nyuma, na kwamba baridi huisikia masikioni tu. Nikamfasiria Mama. Mama akataka kujua ukoo wake. Akasema Graham, akatuonyesha mraba wa kijani na buluu. Upande upi, baba au mama? Akasema kwa bibi yake mzaa baba. Na babu? Babu alikuwa Mjerumani.

Mama alilitafakari hilo. Kwetu ukoo unafuata baba, na baba wa baba, na mtu haruki tu kwa bibi kwa sababu kapenda rangi za nguo. "Mwulize kwao ameshafika?" Bado, akasema mzee, anaweka akiba. "Basi mwambie," Mama akasema, "mimi Mshirazi, na hiyo Shirazi sijui hata iko upande gani." Kufasiri hilo kulinichukua muda, maana ilibidi nianze Uajemi, nipitie Kilwa, nifike Makunduchi, na bendi ikawa tayari inaanza kupuliza.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile, kwa sababu Mama alikuwa amelipata gwaride lote kwa sentensi moja.

Alexandria iliidhinishwa na baraza la Virginia mwaka 1749, kwenye ukingo wa Mto Potomac, palipokuwa na maghala ya tumbaku. Jina lilitokana na ukoo wa Alexander uliokuwa na ardhi pale. Miongoni mwa waliosukuma mji uanzishwe walikuwemo William Ramsay, mzaliwa wa Galloway, na John Carlyle, aliyezaliwa mji wa Carlisle upande wa Uingereza wa mpaka lakini wa ukoo wa Dumfriesshire. Nyumba ya Carlyle, ya mawe, iliyomalizika 1753, bado imesimama karibu na uwanja wa soko. Hawa walikuwa wafanyabiashara. Tangu muungano wa Uskoti na Uingereza wa mwaka 1707 milango ya makoloni ya Waingereza ilikuwa wazi kwa Waskoti, na kampuni za Glasgow zilikuwa zikituma mawakala wao Virginia kununua tumbaku na kuwakopesha wakulima bidhaa. Watu wa vitabu vya hesabu, wa suruali fupi za kubana magotini, wa nywele za bandia.

Nyanda za chini walikotoka, kilti haikuwa vazi la watu. Ilikuwa nguo ya milimani, ya watu ambao mfanyabiashara wa Glasgow aliwaona ni washenzi na wezi wa ng'ombe. Tena kuna zaidi. Baada ya watu wa milimani kushindwa vitani Culloden, Aprili 1746, Bunge la London lilipiga marufuku mavazi yao kwa wanaume na wavulana wote wa Uskoti wasio askari. Ukikamatwa mara ya kwanza, jela miezi sita. Ukirudia, unapakiwa jahazini kupelekwa miaka saba kwenye mashamba ya ng'ambo. Yaani mwaka ule ule viwanja vya Alexandria vilipokuwa vikipigwa mnada, vazi analotembea nalo yule mzee wa ndevu nyeupe lingeweza kukuleta Amerika kama mfungwa.

Sheria ile ilifutwa 1782. Kilichofuata kinachekesha kidogo. Mwaka 1822 Mfalme George IV alikwenda Edinburgh, na hakuna mfalme aliye madarakani aliyekuwa ameikanyaga Uskoti kwa zaidi ya miaka 150. Mwandishi Walter Scott ndiye aliyepewa kuandaa sherehe. Akawavalisha miraba wakubwa wote wa mji, wa milimani na wa nyanda za chini bila kubagua, na mfalme mwenyewe, mtu mnene, akatokea na kilti fupi juu ya soksi ndefu za waridi. Kuanzia hapo viwanda vya kufuma havikulala. Kila ukoo ulitaka mraba wake, na ambao hawakuwa nao walitengenezewa. Mingi ya miraba inayopita King Street kila Disemba ni ya karne ya 19, na siku hizi hata mji, timu au kampuni inaweza kubuni mraba wake na kuusajili kwenye daftari rasmi la serikali ya Uskoti.

Sasa kuna watu wakishayajua haya wanajiona wajanja, wanasema basi ni uongo mtupu. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni Makunduchi.

Msomaji wa bara pengine hajaiona Mwaka Kogwa, basi nimweleze. Siku hizi huangukia mwezi wa Julai. Ni mwaka mpya wa Nairuzi, kalenda ya jua yenye asili ya Uajemi, ambayo mabaharia na wakulima wa pwani waliitumia kujua misimu ya pepo na ya kupanda. Asubuhi wanaume wa kusini na wa kaskazini ya mji wanakutana uwanjani na kutandikana kwa migomba mpaka hasira za mwaka mzima ziishe. Wanawake wamevaa walivyojaaliwa, wanazunguka uwanja wanaimba nyimbo ambazo siku nyingine wangeona haya kuzitamka. Kinajengwa kibanda cha makuti, mtu anaingia, kinatiwa moto, mtu anachomoka, na moshi unatazamwa unaelekea wapi. Halafu kila nyumba inapika, na nyumba isiyo na mgeni siku hiyo inasikitika.

Ukimwuliza mtu wa Makunduchi kwa nini, atakwambia sisi ni Washirazi, ndivyo tulivyoikuta. Hakuna anayejua neno la Kiajemi. Migomba haipatikani Shirazi. Na nasaba hiyo imefanya kazi nzito: ilitiwa hata kwenye jina la chama, Afro-Shirazi, mwaka 1957. Wanahistoria walibishana muda mrefu kama Washirazi walikuja kweli au ni hadithi tu ya kujipandisha hadhi. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani, na jibu likawa la kumchosha kila mbishi. Kwa wengi wa wale waliozikwa, upande wa baba kweli kulikuwa na damu ya Kiajemi. Upande wa mama, karibu wote Waafrika. Kwa hiyo babu zetu hawakutunga. Walichagua. Walikuwa na baba na mama, wakamtangaza baba, na mama akabaki jikoni anapika chakula cha Nairuzi.

Yule mzee wa Graham alichagua bibi. Mji wake umechagua wafanyabiashara, ukawavalisha nguo za majirani zao wa milimani. Mimi sioni kosa kwenye kuchagua. Ninachotaka kujua siku zote ni nani hakuchaguliwa.

Kwanza, nisimsahau mpiga zumari. Nilisimama karibu na mmoja, msichana wa kama miaka kumi na sita, akiitayarisha ala yake. Aliupuliza mfuko mpaka ukajaa, akaupiga kofi kwa kiganja, yale mabomba matatu ya begani yakaamka kwa pamoja na mlio mmoja mnene. Akaanza kuyarefusha na kuyafupisha, akivuta viungo vyake kidogo kidogo mpaka mawimbi ya sauti yakatulia. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, na baridi ile inaharibu ulimi wa tete ndani ya bomba, kwa hiyo kila baada ya dakika chache anarudia tena. Zumari yetu ya Unguja ina ulimi wa ukuti, na mpigaji wake anajaza mashavu na kuvuta pumzi kwa pua ili sauti isikatike. Mskoti kayatoa mashavu nje, kayashona kwa ngozi, kayabana kwapani. Ala yenyewe ina sauti tisa tu na haiwezi kunyamaza katikati ya wimbo, kwa hiyo noti mbili zinazofanana anazitenganisha kwa kuchomeka vinoti vidogo vya haraka baina yake. Mama aliyasikiliza hayo yote akasema vidole vya yule mtoto vingefaa taarabu.

Turudi kwa wasiochaguliwa. Tumbaku haikujilima. Utajiri ulioijenga nyumba ya Carlyle ulitoka mashambani walikolima watumwa, na watumwa walikuwa pia ndani ya nyumba hiyo hiyo. Kisha tumbaku ilipochosha udongo wa Virginia na wakulima wakahamia ngano, isiyohitaji mikono mingi, wakati kusini pamba inadai watu usiku na mchana, na kuingiza watumwa kutoka nje kumekatazwa tangu 1808, Alexandria ikapata bidhaa mpya ya kusafirisha. Namba 1315 mtaa wa Duke walikaa Isaac Franklin na John Armfield, tangu 1828 mpaka 1836, wakiendesha moja ya kampuni kubwa kabisa za biashara ya watumwa Marekani. Walikuwa wakiwanunua watu Virginia na Maryland, wakawafungia kwenye nyua nyuma ya nyumba, kisha wakawapeleka New Orleans na Natchez, wengine kwa meli, wengine kwa miguu wakiwa kwenye minyororo. Maelfu yao. Mji uliinunua nyumba hiyo mwaka 2020, na leo ni makumbusho, Freedom House.

Wazao wa watu wale nao wana majina ya Kiskoti. Fungua orodha yoyote ya wanafunzi Weusi wa Virginia utakutana na Campbell, Ross, Alexander. Mengine yalirithiwa kutoka kwa waliowamiliki, mengine yalichaguliwa. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa Maryland mwaka 1838 akiitwa Bailey, alipewa jina la Douglass na mwenyeji wake aliyekuwa amelisoma kwenye utenzi wa yule yule Walter Scott. Mwaka 1846 alizunguka Uskoti akihutubia, akilitaka kanisa la Free Church lirudishe fedha lilizochangiwa na wenye watumwa wa Marekani. Halikuzirudisha. Uzee wake aliumalizia Cedar Hill, ng'ambo ya Potomac, si mbali na hapa gwaride linapopita. Kama kuna mtu aliyelivaa jina la Kiskoti likamkaa, ni huyo, na sijaona bango lake hata mara moja.

Sitaki gwaride ligeuzwe matanga. Mtoto aliyekuja kuona mbwa wa makoti ana haki ya kuona mbwa wa makoti. Lakini siamini kwamba furaha ni dhaifu kiasi hicho. Sisi Unguja tunaishi na mambo mawili kwa pamoja: kanisa la Mkunazini limejengwa palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa Juni 1873 Sultani Barghash aliposaini mkataba huku akitishiwa kuzibiwa bahari na manowari za Waingereza, na balozi aliyembana asaini alikuwa Mskoti, John Kirk wa Angus. Watu wanapita Mkunazini kwenda sokoni, wanacheka, wanauza embe, na wageni wanashushwa ngazi kuonyeshwa vyumba vya chini. Hakuna aliyekatazwa kucheka. Ningekuwa mpangaji wa gwaride la Alexandria ningeanzisha bendi moja Duke Street, mbele ya ile nyumba, ipige polepole mpaka ikutane na wenzake mjini. Nimelisema hili kwa jirani yangu ambaye ni mkazi wa siku nyingi, akanijibu kwamba kuufunga mtaa wa Duke kwa magari ni shughuli. Hilo nalikubali, Duke ina foleni hata usiku wa manane.

Mkitaka kwenda wenyewe, msijaribu kuegesha gari Old Town siku hiyo. Pandeni treni ya mjini, njia ya buluu au ya manjano, mshuke King Street. Kutazama ni bure. Watoto wawekeni ukingoni kwenye njia ya matofali, upande wenye jua. Jioni yake huwa kuna mashua zilizopambwa taa zinazopita mtoni, lakini kwa hilo mtahitaji soksi nyingine. Kutoka kituoni mpaka 1315 Duke ni dakika chache kwa miguu, na iko njiani, kwa hiyo angalieni saa za kufungua na mpitie hapo kwanza kabla ya ngoma, maana baadaye watoto watakuwa wamechoka na wanadai chakula. Mikahawa ya King Street siku hiyo foleni yake inatoka mpaka barabarani. Bebeni chai yenu.